Funguo Thelathini na Moja

Huja Jumanne, saa kumi kasorobo,
kabla ya saa yake. Namsikia kabla sijamwona:
funguo humtangulia kwenye ngazi,
thelathini na moja katika pete moja ya chuma,
kama mbuzi aliyevishwa kengele asipotee.

Direkta Kisimba, wa karakana ya Ruashi.
Watu mia mbili na arobaini wanamwogopa.
Anakaa, anaziweka mezani kati yetu,
anasema: "Madamu, nifundishe kuongoza."

Mimi sifundishi. Nina viti viwili,
feni inayokata tamaa kila umeme unapokatika,
dirisha linalotazama mlima mweusi wa makapi ya shaba
na bomba refu lililosahau moshi.
Kazi yangu ni kunyamaza kwa makini
mpaka mtu ajisikie anachokisema.

Mwezi wa kwanza alisema habari za wengine.
Msaidizi wake, Kabwita, mzembe. Mtunza stoo, mwizi.
Fundi wa winchi ana dharau machoni.
"Nikitoa mguu tu, pale panaanguka."
Nikauliza: pataangukia nani?
Akacheka. Akatazama saa.
Mvua ya Novemba ikapiga mabati, tukaisikiliza sote.
Kimya kile sikumtoza. Nilipaswa kumtoza.

Kisha siku moja, akiwa anafunga begi,
nikamwambia tuonane wiki ijayo,
naye akajibu: "Ndiyo, baba."

Ulimi hauna mfupa, lakini una kumbukumbu.

Akasimama mlangoni, mtu wa miaka hamsini na miwili,
shati limepigwa pasi mpaka limekuwa karatasi.
Akarudi, akakaa.

Baba yake alikuwa kapita kwenye tanuri,
enzi king'ora kilipouamsha mji mzima.
Akirudi jioni, nyumba ya Katuba ilinywea:
redio ikashushwa, watoto wakahesabu nyayo,
bukari ikapoa ikimngoja anawe.
Sukari ilikaa kabatini, kabati lilikuwa na kufuli,
na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mzee
hata akioga.
Siku ya msiba mama aliutafuta
ili wafiwa wapate chai. Hakuupata.
Kabati likavunjwa kwa shoka.
Ndani, sukari imeganda jiwe,
na sisimizi waliokufa, wengi, wamepanga mstari.

"Kwa hiyo," nikasema, nikajiuma.
Maana nilikuwa na sentensi nzuri tayari,
nilitaka aisikie, aitikise kichwa, anisifu.
Hapo nikajikuta:
binti wa mwalimu wa Bel-Air
aliyesahihisha hata barua zangu za salamu
kwa kalamu nyekundu, akanirudishia kwa posta.
Tulikuwa wanne mle chumbani. Wawili ni marehemu,
na marehemu ndio waliokuwa wakizungumza.

Wiki iliyofuata pete ililia kidogo.
Amempa Kabwita funguo za stoo.
Akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyetolewa damu:
"Nimebaki na nakala."
Nikangoja.
"Iko kwenye soksi."

Tukacheka, tukacheka vibaya,
mpaka mlinzi akapanda ngazi kuchungulia.

Sijui kama huko ni kupona. Karakana haijaanguka.
Kabwita amekosea hesabu ya misumari mara moja,
na Direkta hakulala usiku ule, lakini hakumpigia simu.
Wanasema sasa, asubuhi, huwauliza wafanyakazi: "Mnaonaje?"
nao wanatazama viatu vyao,
wakitafuta jibu analolitaka,
maana kila mmoja ana kabati kwao.

Leo amechelewa dakika kumi.
Nimesimama juu ya ngazi, nasikiliza.
Nimekasirika, si kama mtu aliyelipwa,
bali kama mzazi.
Naliandika hilo daftarini, kwa kalamu nyeusi,
nalikata,
naliandika tena.