Kistari

Kocha Mhoja huandika wiki yangu
nyuma ya kalenda ya duka la nyavu,
kwa kalamu nyekundu anayosahihishia madaftari ya darasa la sita.
Jumanne: kilima cha Bugando, mara nane,
kupanda kwa nguvu zote, kushuka kwa kutembea.
Ijumaa: Nyamagana, mia nne mara kumi,
usizidi sekunde themanini na mbili, usipungue themanini.
Na Jumatano,
kistari.

Si neno. Hakuandika hata "pumzika".
Kistari tu, kama mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Mwezi wa kwanza nilikijaza.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na deni la hasira,
kwa kuwa Holo wa Pasiansi alinipita mita mia za mwisho
mbele ya mama yangu, aliyefunga genge aje kuniona.
Jumatano alfajiri nikaenda Capri Point peke yangu,
mawe yamepandana migongo yachungulie ziwa,
nikakimbia kilomita kumi na mbili kwa miguu ya jana.
Sikumwambia mtu.
Ya haraka haraka haina baraka mwambieni mwingine;
mimi haraka ndiyo kazi niliyoichagua.

Ijumaa saa ya kocha ikanisema:
themanini na moja,
themanini na tatu,
themanini na saba,
tisini.
Mhoja hakufoka. Aliinama akanibonyeza ugoko,
nikaruka, akauliza,
"Jumatano ulikula nini?"
Nikasema ugali na dagaa.
"Hapana," akasema. "Ulikula Ijumaa."

Lakini kocha naye hajui kila kitu.
Kistari chake hakijui zamu.
Jumatano hiyo hiyo nasimama kutwa kiwandani,
ndani ya buti nyeupe, juu ya sakafu yenye ubaridi wa barafu,
sangara wanakuja, wanakuja,
kisu kinafuata uti wa mgongo, kinatoa mnofu,
mpaka mkono unasahau kuwa ni wangu.
Msimamizi wa zamu hana kalamu ya vistari.
Nikamwambia Mhoja: pumziko lako ni la mtu mwenye kiti.

Akanyamaza. Siku mbili alinyamaza.
Siku ya tatu akaitandika kalenda juu ya tofali,
akafuta, akahesabu zamu zangu kwa vidole,
kilima akakirudisha Jumatatu,
mia nne akazisukuma hadi Jumamosi,
katikati vistari vinne, na chini ya kimoja
kwa herufi ndogo: *miguu ukutani, dakika ishirini.*
Sijapata kuona mwalimu
akijisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe.

Baba, kule Magu, alikuwa na maksai wawili.
Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaong'ang'ania jembe,
hakuwafunga nira siku mbili mfululizo,
hata mvua ikitisha kukata, hata jirani akicheka.
Nilidhani anawaonea huruma.
Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya ekari.

Sasa kila jioni ya kistari nalala chali chumbani Mabatini,
visigino juu ya ukuta niliouchafua kwa nyayo,
mdogo wangu Kabula ananiruka kwenda kuchota maji,
anasema, dada, umetundikwa kama samaki.
Nacheka. Kwenye ndama za miguu kitu kinatambaa,
kinashona, kinafumua, kinashona tena.
Sikioni. Sikukiamini zamani. Nakiachia nafasi.

Sheria moja imebaki.
Ukiamka, kabla hujasimama, hesabu mapigo dakika nzima.
Yakizidi hamsini na nne, alisema Mhoja,
hata siku ya mia nne igeuke kistari.

Leo Jumamosi. Giza bado.
Viatu viko mlangoni, nimevifunga kamba tangu jana.
Nje Holo anapita, namjua kwa mguu wa kushoto
unaogonga lami kuliko wa kulia.
Vidole shingoni, jicho kwenye mshale:
hamsini na mbili,
hamsini na tatu,
na sekunde nne bado.