Mgongo Usio na Springi

Daktari alinitia skrubu nne kiunoni,
akaunga pingili mbili zikawa moja.
"Titaniamu," alisema, "haijui kutu.
Usinyanyue vizito. Usipande farasi."
Pikipiki hakuitaja. Nami sikumkumbusha.

Januari, Moose Jaw, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gereji inanuka mafuta ya taa na mbwa aliyelowa.
Yamaha ya mwaka sabini na nane
imelala juu ya makreti ya maziwa
kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.
Nilimlipa mjane mmoja wa Assiniboia dola mia nne,
akanipa na panya wawili ndani ya kisanduku cha chujio,
wamekauka, wamekumbatiana.

Orest Hnatiuk wa nyumba ya pili,
miaka arobaini akichomelea mashine za kuvunia ngano,
huingia bila hodi, kikombe mkononi,
akasoma michoro yangu ya chaki sakafuni.
"Unakata mkia wote?"
Wote.
"Shokamzoba zote mbili?"
Zote.
"Na mgongo wako huo?"
Nikavaa miwani, nikawasha grainda.
Cheche zikaruka hadi kwenye boksi la mapambo ya Krismasi.

Boba ni pikipiki iliyonyolewa.
Unatoa madigadi ya mbele, unatoa kiti cha abiria,
unatoa saa, pembe, kioo kimoja,
kila siku unatoa kitu na kila siku unauliza
kama kilichobaki bado kina jina.
Mume wangu wa zamani alinyolewa hivyo hivyo katika maisha yangu,
lakini ile ilichukua muda mrefu zaidi
na hakuna aliyenishikia taa.

Februari nikachomelea mabomba mapya ya nyuma,
yamenyooka kutoka shingoni hadi kwenye ekseli,
hayana pa kuinama, hayana pa kupumulia.
Mshono ulikuwa mzuri. Niliupenda. Niliupiga picha.
Kisha Orest akafunga uzi kwenye gurudumu la mbele,
akauvuta hadi la nyuma, akapiga goti, akanyamaza.
Milimita nne upande wa kulia.
Uzi hausemi uongo, wala hausemi pole.
Nikakaa juu ya ndoo, nikala tufaha lote, na mbegu zake.
Koleo limevunjika, nikajiambia, uhunzi bado.
Nikakata tena.

Kiti kilikuja Jumapili, kimefungwa kwenye gunia:
cha trekta ya baba yake, chuma kitupu, matundu kumi na moja,
kitu pekee alichobeba siku benki ilipochukua shamba.
Nikatoa pochi. Akaitazama kama kitu cha aibu.
"Usikipake rangi, basi," akasema.
"Pale palipong'aa, ni makalio ya mzee."

Aprili. Barafu ya uchochoroni imekuwa tope,
tope limekuwa vumbi.
Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi.
Ya tisa, viunzi vya dirisha vikatetemeka
na mbwa akaenda kuishi chini ya gari.

Sasa najua kila kokoto ya Mtaa wa Saba kwa jina.
Hakuna springi ya kunifichia habari:
barabara inazungumza na gurudumu,
gurudumu na chuma,
chuma na titaniamu,
na titaniamu inanieleza mimi, bila kupunguza neno.
Kwenye reli ya treni za mizigo
nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea,
jinsi wafanyavyo wapanda farasi.

Orest alikuwa mlangoni niliporudi.
"Inauma?"
Inauma.
"Wapi?"
Nikamwonyesha silinda ya kushoto,
pale chini, inapovuja.
Akaenda kuleta spana.