Kumkanda Risasi

Daktari ameshaondoka na picha zake za mifupa.
"Hana kitu," kasema. Risasi haamini:
mguu wa nyuma anaugusisha chini kwa ncha ya ukwato,
kama mtu anayeonja joto la maji ya kuoga.

Nje, Barabara ya Ngong inanguruma.
Ndani ni nyasi kavu, jasho, na mimi, Nzioka,
saisi wa mwaka wa kumi na tisa,
mikono nimeirithi kwa nyanya, mkandaji wa wazazi.

Usiyatafute maumivu, alisema. Yangoje.

Basi nalaza kiganja chini ya alama ya tandiko,
sisukumi.
Ngozi inaruka. Sikio moja linalala nyuma.
Kuna fundo hapo, gumu kama kokwa ya parachichi:
la mbio za Agosti,
la yule joki mwenye mkono mzito kwenye hatamu,
la Jumapili zote walizoshangilia.

Mara anapiga mwayo,
meno yote ya manjano nje,
anaramba midomo, anashusha kichwa
begani pangu, uzito wote ule.

Tajiri atauliza nimempaka nini.
Nitasema mafuta ya nazi.
Chupa atailipia.
Kungoja hakulipii mtu.