Tunachanga Siku

Nilimwambia mavyaa: naenda chama.
Akauliza, kile cha kina Dzame, cha masufuria?
Nikasema kingine, kipya, cha huku Barani.
Uongo ule ulikuwa na mguu mmoja wa kweli.
Nikauacha uchechemee nami hadi barabarani.

Mahali penyewe nilipatafuta wiki tatu.
Si jambo la kuuliza kwa sauti.
Muuza dawa wa Ngala aliniona nikisoma kopo lile lile
mara ya nne, likinitetemekea mkononi,
akaandika nyuma ya risiti, uso hakuuinua:
Alhamisi, saa kumi na moja, chekechea, nyuma ya kisima cha chumvi.
Hakusema pana nini. Sikuuliza.
Na Alhamisi ndiyo siku yangu ya ofu. Mungu si Athumani.

Alhamisi ya kwanza nilipita, nikaenda zangu.
Ya pili nikapita mara mbili,
nikanunua viazi karai nisivyovitaka,
nikavila nimesimama, nikihesabu viatu mlangoni:
ndara, ndara, makubadhi mapya, buti za askari.
Ya tatu mvua ilinisukuma ndani.
Nitasema ni mvua.

Viti ni vya watoto wa miaka minne.
Tumekaa magoti yakigusa videvu, watu wazima kumi na mmoja,
kama kuku walioatamia mayai yasiyo yao.
Ukutani herufi zimepangwa: K ni kuku, M ni mamba,
N ni nazi, kijani kibichi, na kibuyu kando yake.
“Mwalimu huyu ana vituko,” akasema Ngumbao,
na tukacheka.
Muda mrefu sikuwa nimecheka kicheko kisicho na harufu.

Ngumbao alikuwa mgema.
“Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi hakuna aliyenisifu. Nililinywa huko huko juu,
asubuhi moja nikafika chini kabla ya miguu yangu.”
Akagusa nyonga.
Hakuna aliyempa pole.
Ziko pole nyingine ni mlango wa nyuma.

Mimi sikuwahi kununua. Hata shilingi.
Ndivyo nilivyojitetea, hata mle.
Naosha vyombo hotelini, kule Casuarina;
wageni huacha kidogo kwenye bilauri,
kidogo cha huyu, kidogo cha yule,
haba na haba, na kibaba kilikuwa mimi.
Saa sita za usiku, ulimi kwanza, sabuni baadaye.
Mwanangu Mbodze alijua kunilaza ubavu
kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Hilo sikulisema siku ile.
Nilisema naitwa Nyevu,
na kwamba viazi vya pale nje vina chumvi nyingi.
Wakaitikia kana kwamba nimesema jambo.

Mwenye buti alikuwa na siku mia mbili na sita.
Wiki iliyofuata akaja, akasimama, akasema: “Nina moja.”
Tukaipokea ile moja.
Hakuna aliyemuuliza zile nyingine amezipeleka wapi.

Jana mavyaa, akikuna nazi, mgongo kwangu:
“Hicho chama chenu mnachanga ngapi?”
Nikasema, kila mtu na yake. Tunachanga siku.
Mbuzi ikanyamaza.
“Na anayekosa?”
Anaanza moja.
Akakuna, akakuna, hadi kifuu kikalia.
“Na zamu yako ya kupokea ni lini?”
Sikuwa na jibu. Nikachukua chujio.

Leo hotelini kuna harusi ya wageni, meza kumi na mbili.
Nimemwomba Tsuma asimame nami kwenye sinki,
amwage yeye, nioshe mimi.
Hakuuliza kwa nini. Au anajua.
Nina kumi na tisa.
Mbodze amezichora mkaa nyuma ya mlango,
na pale chini ameacha nafasi kubwa mno,
mtoto huyu hajui kukadiria.