Ghali Nayo ni Ghali

Saa tisa alasiri, siku ya mwisho wa mwaka,
duka la kando ya stesheni ya Miskolc
litafungwa saa kumi.
Nimesimama mbele ya rafu ya mvinyo wa povu,
glavu moja mkononi, nyingine mdomoni,
nahesabu forinti kama anayehesabu vidonge.

Villő anakuja na mchumba wake kutoka Graz.
Lorenz. Baba yake ana shamba la mizabibu.
Hilo aliniambia kwenye simu kama jambo dogo,
kama mtu anayekudokeza kwamba mgeni hali chumvi.

Basi niko hapa.
Rafu ya juu, Wafaransa ndani ya maboksi yao,
bei ya buti za baridi.
Siwatazami mara mbili.
Nimewatazama mara tatu.
Rafu ya chini, chupa ya forinti mia tisa,
kizibo cha plastiki, lebo ya waridi,
tamu kama pole ya mtu asiyekupenda.

Sukari huficha mengi, alikuwa akisema mama mkwe,
Etelka, aliyebandika lebo miaka ishirini na minane
kwenye mahandaki ya Budafok,
akanuka gundi hadi siku tuliyomzika.
Usisome jina la mbele, alisema, hayo ni mavazi.
Geuza chupa, usome mgongoni, yale maandishi ya sisimizi:
je, ulichachukia ndani ya chupa hiihii
au ndani ya pipa la chuma kubwa kuliko nyumba yetu?
Pipa si dhambi. Pipa ni haraka tu.
Tafuta neno "kavu".
Na chupa yenye vumbi dukani
haikuzeeka, imesusiwa.

Rahisi ni ghali, wenye nacho humwambia asiye nacho.
Etelka alijibu: ghali nayo ni ghali.

Nikachukua ya rafu ya katikati, kavu, ya Budafok kwake,
forinti elfu moja mia nane na tisini.
Mgongo wake ulisema miezi tisa juu ya chachu.
Miezi tisa!
Nikacheka peke yangu,
mzee mmoja mwenye kapu la soseji akanipisha njia.

Kwa chenji iliyobaki, dengu, kila punje sarafu.
Kuku sikugusa: kuku huchakura kwenda nyuma,
bahati yote ikaishia uani.
Usiku huu huliwa nguruwe,
asukumaye kwa pua kwenda mbele.

Saa sita kasoro dakika nne
Dezső, mume wangu, kwa mikono ya kiwanda cha chuma
ambacho hakipo tena, aliikaba chupa.
Kizibo kikagoma.
Akaleta koleo. Villő akafumba macho.
Lorenz akasema, kwa Kihungari cha kujifunzia garini,
"Shika kizibo. Zungusha chupa."
Dezső akamtazama,
nikaona miaka thelathini ya kiburi ikipita usoni mwake
kama treni isiyosimama stesheni yetu.
Akazungusha chupa.

Haikulipuka. Ilitoa pumzi tu,
kama mtu aliyefungua kifungo cha suruali baada ya kula.

Tulisimama wima kwa wimbo wa taifa redioni.
Lorenz alinywa, akanyamaza, akanywa tena.
Sikumwuliza.
Aliomba aongezewe dengu.

Asubuhi nyumba nzima imelala.
Chupa ipo mezani, kijiko shingoni mwake,
desturi ya Etelka: eti fedha hulinda povu.
Hailindi. Na kijiko chenyewe si cha fedha.
Nikamimina kilichobaki kwenye kikombe cha chai,
kimepoa, hakina neno,
ila kiputo kimoja, sijui kilijificha wapi,
kikapanda polepole
kama mtu wa zamu ya usiku
anayepanda ngazi na viatu mkononi.