Ruhusa za Awali

Jumamosi nilipandisha mfumo toleo jipya
kwenye kompyuta ya chama, Kirumba,
ghorofani, juu ya mizani ya dagaa.
Ikazima. Ikawaka. Ikanisalimu kama mgeni:
Karibu, tuanze.
Tuanze nini, na mwezi wa nane huu nakusafisha feni?

Kumbe katika kuhama nyumba ilisahau milango.
Daftari la mikopo, lililokuwa la mhasibu na mwenyekiti tu,
sasa limeandikwa: Kila Mtu. Uwezo Kamili.
Kila Mtu ndiye nani?
Ni Magesa mlinzi, aliyeingia kucheza karata
akatoka akijua shemeji yake anadaiwa laki nne na ishirini.
Ni simu yoyote iliyodaka mtandao wetu
kutoka kibanda cha chipsi.

Jumapili mji umekwenda kusali,
mawe ya Igogo yanaota jua,
mimi na amri moja, mstari mmoja,
irudishayo ruhusa zote kama zilivyotoka kiwandani.
Ni ufagio. Haumjui mtu.

Nikachapisha orodha kwanza. Karatasi sita.
Hii alipewa Lugendo mwezi ule mkewe amelazwa Bugando,
apige hesabu usiku, kando ya kitanda.
Hii ya mkaguzi, ya siku tatu, ina miaka mitano.
Na ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo: nyanjige.
Uwezo kamili.

Nyanjige tulimzika Nansio, masika ya mwaka juzi.
Kitenge chake bado kinaifunika printa vumbi lisiingie.
Hakuna aliyekumbuka kumfuta,
au wote walikumbuka.

Nikabonyeza.
Mistari ikamwagika kama dagaa kwenye chanja,
imefanikiwa, imefanikiwa, imefanikiwa,
hadi kabrasha moja likagoma.
Jina lake SAMEHE. Mwenyewe hajulikani.
Palipokuwa na jina la mtu pana namba ndefu,
ndefu kuliko ya hati ya kiwanja.

Nilijimilikisha. Sikupaswa.
Majina thelathini na moja, mbele ya kila jina deni,
juu ya deni mkato,
pembeni neno au mawili:
mume kaondoka.
mvua, mzigo wote.
mtoto.
La kumi na tisa ni mama yangu.

Nikafunga. Nikarudisha milango mmoja mmoja,
Lugendo wake, mwenyekiti wake,
mkaguzi basi.

Jumatatu, saa mbili, Kabula Malimi huyo ngazini,
magamba yameng'ang'ania mikononi.
"Mwangaluka. Nasikia mimi nilisamehewa."
Nani kakwambia?
"Magesa kaona. Soko zima wanajua.
Elfu sitini. Nimekuja kulipa."

Nikaangalia kioo. Kioo kinasema hana deni.
Nikatafuta pa kupokea deni lisilokuwepo,
hapapo; mfumo mpya haupajui,
wa zamani nao haukupajua.
Ruhusa nimezirudisha zote, mama,
ila kilichokwisha kuonwa hakina amri.

"Mwanangu, mimi sijui kompyuta. Pokea."

Noti zinanuka moshi.
Nikavuta droo, nikakuta kitabu cha risiti
kimebaki majani mawili.
Nikaandika: imepokelewa, kwa niaba ya Nyanjige.
Akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga,
akashuka kuwahi mizani.

Jani la pili sikulichana.
Nimeandika tarehe tu.