Herufi ya Kwanza ya Mlango

Thesaloniki, chumba kilicho chini ya duka la viatu.
Magodoro makuukuu tumeyapigilia ukutani
ili mabasi ya mtaani yasiingie kwenye wimbo.
Evanthia ana miaka sitini na mitatu. Amevua pete
zisije zikagonga stendi. Anasema, tuanze,
koo langu halingoji mtu.

Maneno yenyewe mepesi, hata mtoto angeyaandika:
"Nenda. Mlango u wazi. Sikulilii."
Basi. Hayana hata kina.

Lakini isikilize hiyo "nenda" yake:
inapanda, inapanda, kisha inabaki juu
kama mguu ulioinuliwa ukakosa kidato.
Stamatis, buzuki pajani, anajua itue wapi,
nota ni moja tu, iko chini ya kidole chake cha pete,
wala haigusi. Anamwacha mama wa watu akining'inia.

Na "sikulilii" anaiimba bila mtetemo,
sauti kavu, imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi
na mtu asiye tena na wa kumtandikia.

Mimi ni fundi. Kazi yangu kusafisha.
Usiku, peke yangu, nikakuta kosa:
kabla ya "mlango" pana shimo,
karibu sekunde nzima.
Kwao mlango ni "porta",
neno linaloanza kwa midomo kufumbwa.
Nikalikata shimo, nikaunga. Wimbo ukatembea vizuri,
ukawa barua ya mwenye nyumba kwa mpangaji.

Nikarudisha. Nikaongeza sauti hadi spika zikaanza kukoroma,
nikainamisha kichwa:
hakikuwa kimya kile. Midomo ilikuwa imebana,
pumzi imejaa nyuma yake, inasukuma,
na mwanamke yuko ndani, ameuegemea kwa bega zima
huku anamwambia mtu mlango u wazi.

Asubuhi alikuja kusikiliza. Tulipofika pale
akageuka, akatazama magodoro.
"Umeliacha," akasema.
Sikujua nijibu nini. Nikamwambia
buzuki nitalipunguza kidogo.
"Lipunguze," akasema, akavaa pete zake,
mbili. Ya tatu akaitia mfukoni.